Walter Rodney: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mwanahistoria aliyefundisha Mlimani

Nimefundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na maswali haya nimeyakusanya njiani. Mengine huulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano, mengine na watu wazima waliolisikia jina la Rodney redioni au kuliona kwenye jalada la kitabu. Nimejibu kwa urefu pale ninapoona watu hupotoka, na kwa ufupi pale ambapo swali halidai maneno mengi. Liko jambo linaloniuma, nalo litajitokeza humu tena na tena: Rodney anatajwa sana kama mpiganaji, lakini kama mwanahistoria anasomwa kidogo. Ilhali upiganaji wake ulianzia kwenye nyaraka.

Walter Rodney alikuwa nani?

Mwanahistoria wa Guyana. Alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi 1942, akauawa katika mji huohuo tarehe 13 Juni 1980, akiwa na miaka 38. Alibobea katika historia ya watu weusi: Afrika Magharibi wakati wa biashara ya utumwa, Afrika chini ya ukoloni, na wafanyakazi wa Guyana baada ya utumwa kufutwa. Alifundisha Dar es Salaam kwa vipindi viwili, 1966 hadi 1967, kisha 1969 hadi 1974.

Guyana si ndiyo Guinea?

Siyo. Guyana iko Amerika ya Kusini, imepakana na Venezuela, Brazil na Suriname. Guinea iko Afrika Magharibi. Watu huchanganya zaidi kwa sababu tasnifu ya Rodney ilihusu pwani ya Guinea.

Alikulia katika nyumba ya namna gani?

Nyumba ya mafundi. Baba yake, Edward, alikuwa fundi cherehani, na mama yake, Pauline, naye alikuwa mshonaji. Wote wawili walikuwa upande wa PPP, chama cha Cheddi Jagan kilichoshinda uchaguzi wa 1953. Waingereza, waliokuwa wakiitawala Guyana, hawakukivumilia: baada ya siku 133 walileta askari, wakasimamisha katiba. Walter alikuwa na miaka 11 tu, na tayari alikuwa ametumwa kugawa vipeperushi vya chama. Baadaye alipata nafasi ya kusoma Queen's College kwa ufadhili, na huko alijulikana kwa midahalo na kwa kuruka juu.

Alisomea wapi, na aliifikiaje historia ya Afrika?

Mwaka 1960 alikwenda Jamaica, kwenye kampasi ya Mona ya chuo kikuu cha West Indies. Alihitimu 1963 kwa daraja la kwanza katika historia. Kutoka hapo alikwenda London, kwenye SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, na mwaka 1966 akapata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 24.

Naomba utulie kidogo kwenye hiyo miaka mitatu ya kati, kwa sababu ndiyo watu huiruka. Rodney alitaka kujua nini hasa kilitokea Afrika Magharibi wakati Wareno na wenzao walipokuwa wakinunua watu. Waafrika wa eneo lile hawakuacha maandishi mengi ya wakati ule, kwa hiyo ushahidi mwingi ulikuwa mikononi mwa wanunuzi wenyewe: barua za manahodha, ripoti za mapadri, hesabu za wafanyabiashara. Basi akajifunza Kireno na Kihispania ili azisome mwenyewe, bila kusimuliwa na mtu. Akaenda Lisbon na Seville kufukua. Lisbon ya miaka ile ilikuwa makao makuu ya utawala wa Salazar, na majeshi ya Ureno yalikuwa vitani Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Kijana mweusi alikaa katikati ya mji ule akifungua nyaraka za karne ya 16, akisoma mstari kwa mstari jinsi mambo yalivyoanza.

Jioni za London zilikuwa na masomo yake mengine. Yeye na vijana wenzake wa Karibi walikutana nyumbani kwa C.L.R. James, mwanahistoria wa mapinduzi ya Haiti, wakasoma na kubishana. Pia alikwenda Hyde Park kuhutubia wapita njia.

Tasnifu yake ilisema nini?

Iliihusu pwani ya Guinea ya Juu, kuanzia Gambia kuteremka hadi Sierra Leone na mpaka wa Liberia, kati ya 1545 na 1800. Ilitoka kama kitabu Oxford mwaka 1970.

Siku zile, hoja iliyokubalika kwa wasomi wengi ilikuwa hii: Wazungu waliukuta utumwa tayari umejaa Afrika, wao wakawa wateja tu. Rodney aliipima upya hoja hiyo kwa njia rahisi lakini ya kuchosha. Alikusanya waandishi wa mwanzo kabisa, kama Almada, mfanyabiashara wa visiwa vya Cape Verde aliyeandika mwaka 1594, akauliza: je, hawa watu waliokaa pwani miaka mingi, walioeleza mavazi, mazishi, mahakama na vyakula, waliona tabaka la watumwa kwenye jamii hizo? Akakuta hawalitaji, au wanataja kidogo mno. Kisha akasoma ripoti za karne ya 18 na ya 19 kutoka maeneo yaleyale, akakuta watumwa wametapakaa. Akahitimisha kwamba kwa sehemu ile ya Afrika, utumwa wa ndani ulioonekana baadaye ulizaliwa na biashara ya Atlantiki. Haukuitangulia.

Wanahistoria wengine walimpinga, na ubishi haujaisha. Kutotajwa kwa kitu si uthibitisho kwamba hakikuwepo, na yeye alilijua hilo. Lakini tangu hapo, yeyote anayetaka kusema kwamba utumwa ulikuwapo Afrika tangu enzi lazima aseme wapi, lini, na anajuaje.

Kwa hiyo alisema Waafrika hawakuhusika na biashara ya utumwa?

Hapana kabisa! Hili ndilo kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote. Katika tasnifu hiyohiyo alionyesha machifu na wakubwa wa pwani wakishirikiana na wanunuzi: wakigeuza faini kuwa hukumu ya kuuzwa, wakianzisha vita kwa ajili ya mateka. Kwake, mstari uliogawa watu haukuwa rangi pekee. Ulipita pia kati ya mkubwa wa Kiafrika na mkulima wake. Asiyeona hilo hajamsoma.

Alifika lini Dar es Salaam, na kwa nini?

Mwaka 1966, mara tu baada ya kuhitimu. Chuo cha Mlimani kilikuwa bado kichanga, sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na idara yake ya historia chini ya Terence Ranger ilikuwa ikifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa kwingi: kuandika historia ya Afrika ikiwa na Waafrika ndani yake kama watendaji. Isaria Kimambo na wenzake walitoka humo. Rodney alikuwapo lilipotangazwa Azimio la Arusha, Februari 1967.

Kwa mtu wa fani yake mji ule haukuwa na mfano. FRELIMO, ANC, MPLA na wapigania uhuru wengine walikuwa na ofisi hapa. Uliweza kusoma asubuhi kuhusu Msumbiji, na jioni ukaonana na watu waliotoka vitani Msumbiji.

Mbona aliondoka mwaka 1967 kisha akarudi?

Januari 1968 alikwenda kufundisha historia ya Afrika kwenye chuo chake cha zamani, Mona. Akishamaliza vipindi vyake, alishuka Kingston, kwenye vitongoji vya maskini, akaketi chini na Warasta na vijana wasio na kazi, akazungumza nao kuhusu Ethiopia, Benin na falme nyingine za Afrika. Walikaa chini kwelikweli, penye vumbi na mashina ya miti. Akasikiliza pia. Aliwahesabu Warasta kuwa watu waliokuwa wakiitunza Afrika kichwani wakati wasomi wa Jamaica walikuwa wakiionea haya.

Serikali ya Hugh Shearer ikaogopa. Oktoba 1968 Rodney alikwenda Montreal kwenye mkutano wa waandishi weusi. Tarehe 15, ndege iliporudi Kingston, alizuiwa kushuka. Kesho yake wanafunzi waliandamana, wakazi wa mji wakajiunga, mabasi yakachomwa moto, na watu wakafa. Baada ya miezi kadhaa Cuba, mwaka 1969 akarudi Tanzania.

Mazungumzo yale ya Kingston yalichapishwa London mwaka 1969 na Bogle-L'Ouverture, jumba la uchapaji lililoanzishwa na Jessica na Eric Huntley kwa ajili hiyo. Ni kitabu chembamba.

Ni kweli aligombana na Mwalimu Nyerere?

Walitofautiana hadharani mara moja iliyojulikana sana. Desemba 1969 Rodney alihutubia semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati jijini Dar es Salaam kuhusu mapinduzi, naye hakuzisaza serikali za Kiafrika alizoona zimegeuka vibaraka. Gazeti la The Nationalist, la chama tawala TANU, likamjibu kwa tahariri kali: mgeni aliyekaribishwa Tanzania asitumie nafasi hiyo kuchochea kupinduliwa kwa serikali za jirani. Rodney akaandika barua kueleza msimamo wake. Hakufukuzwa. Aliendelea kufundisha karibu miaka mitano, na mwaka 1972 akaandika makala ya kuitetea Ujamaa kwamba ina undugu na usoshalisti wa kisayansi.

Wanafunzi ndio walioguswa zaidi. Jarida lao la Cheche, ambalo Rodney aliliandikia, lilipigwa marufuku mwaka 1970.

Kitabu chake maarufu kinasema nini?

How Europe Underdeveloped Africa kilitoka mwaka 1972, kwa pamoja kutoka Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, kikiwa na neno la mwisho la Abdulrahman Babu, mwanasiasa wa Zanzibar. Jina lake kwa Kiswahili naliweka hivi: Jinsi Ulaya Ilivyoidumaza Afrika. Nachagua kudumaza kwa makusudi. Mti uliodumaa si mti mchanga. Umri wake umetimia, lakini kuna kitu kilichozuia usikue. Na kitenzi hiki kina mtendaji: kama kuna aliyedumazwa, yuko aliyedumaza. Hoja nzima ya kitabu imo humo. Ufukara wa Afrika si hatua ya mwanzo ambayo Ulaya nayo iliwahi kuipita. Umetengenezwa, na umetengenezwa na uhusiano uleule uliotajirisha upande wa pili.

Hakuishia kwenye hoja. Anamleta Afonso, mfalme wa Kongo, aliyewaandikia Wareno miaka ya 1520 akitaka mapadri, walimu na dawa, na alichopata ni wafanyabiashara wanaoteka raia wake. Anamleta Agaja wa Dahomey, aliyevamia vituo vya Wazungu pwani miaka ya 1720 akitaka kuikata biashara ya watumwa, kisha akalazimika kuirudia kwa sababu bila kuuza watu hapati bunduki, na bila bunduki anauzwa yeye. Anamleta Tomba wa Wabaga, katika Guinea ya leo, aliyejaribu kuwaunganisha majirani dhidi ya biashara hiyo akashindwa. Ukisoma mifano hiyo mitatu mfululizo unaona mlango ulivyofungwa: waliokataa hawakuwa wachache wa akili wala wa ujasiri.

Kwenye dibaji kuna jambo ninalolipenda sana. Rodney anawashukuru wanafunzi wawili wa Mlimani, Karim Hirji na Henry Mapolu, kwa kuusoma muswada na kuukosoa. Kisha anakataa kuandika ile sentensi ya kawaida ya wasomi kwamba makosa yote ni yake peke yake. Kwake wazo ni kazi ya wengi, kwa hiyo lawama nayo ni ya wengi.

Kitabu hicho kina kasoro?

Kinazo, na kumheshimu Rodney ni kuzisema.

Kwanza, alikiandika kwa ajili ya watu wa kawaida, kwa hiyo hakikujazwa tanbihi. Mwisho wa kila sura kuna mwongozo mfupi tu wa vitabu. Anayetaka kukagua ushahidi wake hupata taabu. Pili, anatumia makadirio kwamba watu wa Afrika walikuwa milioni 100 mwaka 1650 na milioni 120 mwaka 1900, huku Ulaya ikitoka milioni 103 hadi 423. Namba hizo za Afrika ni za kukisia, hakuna aliyehesabu watu wa bara zima mwaka 1650. Usizinukuu kama sensa.

Tatu, na hili nalisema kama mtu wa pwani: kuhusu Afrika Mashariki amepita mbio. Ana haki kukumbusha kwamba watumwa wengi waliotoka huku walipelekwa kwenye mashamba ya Wazungu huko Mauritius na Réunion. Lakini mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, masultani, matajiri wa Kilwa na misafara ya Bagamoyo walistahili ukali uleule alioutumia kwa machifu wa Guinea. Hakuwapa.

Hata hivyo, nikiulizwa kitabu kimoja cha kumfungua mwanafunzi macho, bado natoa hiki.

Aliandika chochote kuhusu Tanzania yenyewe?

Ndiyo, na ni hasara kwamba hakijulikani. Pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago alichunguza manamba, yaani vibarua waliokusanywa kutoka mikoa ya mbali kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge: walivyoandikishwa na hali walizofanyia kazi. Utafiti huo ulichapishwa Hamburg mwaka 1983, Rodney akiwa ameshafariki.

Alijua Kiswahili? Na kwa nini hatimaye aliondoka?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Alijifunza Kiswahili. Lakini mwaka 1975, katika mazungumzo marefu huko Massachusetts, alieleza kwamba kujua lugha si kujua sarufi tu. Alisema ingempasa aweze kwenda sokoni akapatane bei kwa namna ya Waswahili pasipo mtu kumwona mgeni, na acheke utani unaotegemea matamshi tu. Aliona kwamba kwa kazi ya kisiasa aliyoitaka, ya kuwa katikati ya watu, hilo lingemchukua maisha mengine. Kwao Guyana alikuwa nalo tayari. Kwa hiyo mwaka 1974 yeye, mkewe Patricia na watoto wao watatu wakaondoka.

Nimewahi kusikia watu wakisema alituacha. Mimi naona alitupa heshima kubwa: hakujifanya anatujua kuliko alivyotujua.

Alipofika Guyana alifanya kazi gani?

Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemteua profesa wa historia. Serikali ya Forbes Burnham ikaubatilisha uteuzi huo. Angeweza kuhamia Marekani, ambako vyuo vilimtaka. Badala yake alibaki Georgetown, akisafiri mara kwa mara kufundisha nje ili apate pesa ya kula.

Na aliendelea kufukua nyaraka. Kitabu chake cha wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905 nakihesabu kuwa kazi yake iliyokomaa kuliko zote. Kinaanza na matope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa, na mashamba ya miwa yasingekuwapo bila kuta na mifereji. Rodney anatoa makadirio kwamba watumwa walihamisha tani milioni 100 za udongo mzito uliolowa, kwa sepetu, wakiwa ndani ya maji. Kabla hujasoma neno lolote kuhusu sukari, unajua ardhi yenyewe ilitengenezwa na nani. Kisha anawafuata wazao wa watumwa hao na Wahindi walioletwa kwa mikataba, akionyesha walivyogombanishwa na mahali walipokuwa na maslahi ya pamoja. Mwaka 1982 chama cha wanahistoria wa Marekani kilikipa tuzo ya Beveridge. Mwandishi hakuwapo kuipokea.

Aliandika pia vitabu vya watoto, kimoja kuhusu mtu aliyeletwa kutoka Afrika, kingine kuhusu msichana aliyeletwa kutoka India. Katika nchi iliyokuwa ikigawanywa kwa rangi, alitaka kila mtoto asome safari ya babu wa mwenzake.

Aliuawaje?

Alikuwa kiongozi wa Working People's Alliance, umoja uliowaleta pamoja weusi na Wahindi dhidi ya Burnham. Mwaka 1979 yeye na wenzake walishtakiwa kwa kuchoma jengo la serikali. Kesi ikiwa bado inaendelea, usiku wa tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ndani ya gari karibu na gereza la Georgetown, mdogo wake Donald akiendesha. Walikuwa wakijaribu redio ya mawasiliano waliyopewa na Gregory Smith, mtaalamu wa vifaa vya elektroniki aliyetoka jeshini. Ndani yake kulikuwa na bomu. Walter alikufa palepale, Donald akajeruhiwa.

Kuna aliyehukumiwa?

Smith alitoroshwa hadi French Guiana, akafia huko mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani. Aliyehukumiwa, ajabu, ni Donald, kwa kumiliki vilipuzi. Hukumu hiyo ilifutwa mwaka 2021. Tume iliyoanza kazi 2014 na kumaliza 2016 ilihitimisha kwamba dola ilihusika na kwamba Burnham alijua.

Hati ya kifo iliandika kwamba marehemu hakuwa na kazi. Mwaka 2021 serikali ya Guyana ilitangaza kwamba itasahihishwa iandikwe profesa.

Nyaraka zake ziko wapi, na nianze kusoma wapi?

Familia iliziweka Atlanta, kwenye maktaba ya Robert W. Woodruff, na watafiti wanaruhusiwa kuzitumia. Kwa kusoma, anza na kile chembamba cha Kingston, jioni mbili zinatosha. Fuata na cha 1972, ukiwa na kalamu mkononi. Cha Guyana kiwe cha tatu, na sura ile ya matope isome polepole.